Feni ya Boksi au ya Kununua? Historia Fupi ya Kupooza Prosesa, Kutoka Amu

Najua nimepotea kidogo, na wachache mmeniandikia kuuliza kama bado nipo. Nipo. Kilichonipoteza ni kompyuta moja tu, tena si yangu, na leo nataka kuwasimulia kisa chake kwa sababu kimenifanya nisome historia ambayo sikuwahi kufundishwa chuoni. (Kama wewe ni mtu wa kuandika programu tu na hujawahi kufungua kasha la kompyuta, usikimbie. Mimi pia ni mtu wa programu, si wa bisibisi. Digrii ya sayansi ya kompyuta nilipata bila kupaka pesti hata mara moja.)

Ami yangu ana saiba ndogo hapa Amu, mtaa wa Langoni. Mashine sita, zote ni zile tunazoita ex-UK: kompyuta za ofisi zilizomaliza kazi Ulaya, zikasafishwa na kuuzwa huku. Iliyo bora kati ya hizo ina prosesa ya Core i5-4570, toleo la 2013. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imekufa na kusi bado haijaingia, mashine hiyo ilianza tabia ya kuzima kila ikifika saa nane mchana. Siku moja ilizima mikononi mwa binti aliyekuwa anajaza fomu ya ufadhili wa masomo, na ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kila alichoandika kikaenda na maji. Alianza upya kwenye simu yangu, akamaliza usiku, zimebaki dakika chache. Ami alimrudishia pesa zake, kisha akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Nifanye nini?"

Nikajibu haraka kama wasomi wengi wanavyojibu kabla ya kufikiri. Nikamwambia, "Ami, hizi feni zinazokuja na mashine ni takataka. Tununue kubwa." Nikaagiza kipoozaji cha bei nafuu kutoka Nairobi, kile cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120, kwa shilingi 3,200. Kikaja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, kikafika siku ya nne. Nikafungua kasha. Kipoozaji kilikuwa na urefu wa karibu sentimita 16. Kasha lilikuwa jembamba la ofisini. Mfuniko haukufunga, na tundu za skrubu hazikulingana hata moja.

Ami hakusema neno. Alikitazama kile kimnara juu ya meza, akanitazama mimi, akaenda kuswali alasiri. Nawaambia, afadhali angenigombeza.

Basi usiku ule nikakaa kusoma. Nilitaka kujua nilitoa wapi imani yangu kuwa feni ya kiwandani ni takataka. Hakuna aliyenifundisha, na sikuwahi kuipima. Nilikuwa nimeirithi tu, kama unavyorithi maoni kuhusu timu ya mpira. Hiki ndicho nilichokuta.

Mwanzoni prosesa hazikuhitaji kitu. 8086 ya 1978, 286 ya 1982 na 386 ya 1985 zilikaa wazi juu ya madabodi, na hewa ya kawaida iliwatosha. Joto lilianza kuwa hoja na familia ya 486, hasa DX2 ya 1992, ambapo mafundi walianza kubandika kipande cha alumini chenye mapezi. Pentium ya kwanza ikaja 1993, na ile ya megahezi 66 ilikula hadi karibu wati 16. Leo wati 16 ni kichekesho, lakini wakati ule watu waliona prosesa imegeuka pasi. Katika miaka ile ya 1990 ndipo Intel walipoanza kuuza prosesa ndani ya boksi pamoja na kipoozaji chake chenye feni, ili mtu anayejiundia mashine asibahatishe. Hapo ndipo ilipozaliwa tunayoiita feni ya boksi. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha prosesa haifi ndani ya muda wa dhamana, kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Kimya na urembo havikuwa kwenye mkataba.

Kisha zikaja mbio za megahezi. AMD na Intel walishindana nani atafika gigahezi moja kwanza, na mwaka 2000 wote wawili walifika. Athlon ya gigahezi 1.4, iliyotoka 2001, ilikula wati 72, na kipande chake cha silikoni kilikuwa wazi juu, bila kifuniko cha chuma. Ukibana kipoozaji vibaya unavunja kona ya prosesa, na biashara imekwisha. Mwaka huohuo wa 2001, Tom's Hardware walitoa video iliyozunguka dunia nzima: waliondoa vipoozaji mashine zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ilipunguza kasi yake ikaendelea kuishi. Athlon ikaungua, moshi ukatoka. Nadhani kizazi kizima cha wapenda kompyuta kilijifunza kuogopa joto siku ile.

Miaka hiyo ndiyo soko la vipoozaji vya kununua pembeni lilipochanua. Zalman wa Korea Kusini walitengeneza vipoozaji vilivyofunguka kama ua. Arctic Cooling wa Uswisi, kampuni iliyoanza 2001, walijulikana kwa vitu vya bei nafuu visivyopiga kelele. Cooler Master wa Taiwani baadaye walitoa Hyper 212 Plus, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jibu la kila swali la "ninunue kipi cha bei ndogo?"

Joto lilipanda zaidi Februari 2004, Intel walipotoa Pentium 4 ya aina ya Prescott. Matoleo yake ya juu yalifika wati 115. Hapa inabidi nieleze kidogo kilichotokea, maana ndicho kiini cha historia yote hii. Mwaka 1974 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa ukipunguza ukubwa wa transista unaweza kupunguza volteji yake kwa kiasi kilekile, na hivyo joto kwa kila milimita ya mraba linabaki palepale. Kwa miaka 30 tasnia nzima iliishi kwa ahadi hiyo: transista ndogo zaidi, kasi zaidi, joto lilelile. Zilipofika udogo wa nanomita 90, transista zikaanza kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na volteji haikuweza kushuka tena kama zamani. Ahadi ikavunjika. Mwezi Mei 2004 Intel walifuta mrithi wa Prescott, Tejas. Oktoba mwaka huo wakafuta hata Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameahidi.

Feni ya boksi ya kipindi hicho ilipiga kelele kama jenereta ya jirani. Sifa mbaya ya feni ya kiwandani, ile niliyoirithi mimi, kwa sehemu kubwa ilitoka hapo. Nilikuwa nahukumu prosesa ya 2013 kwa makosa ya 2004!

Lakini kuna jambo la kipindi hicho ambalo wengi wetu hatulijui. Intel waliona hawawezi kuendelea kuongeza ukubwa wa feni, wakageukia hewa yenyewe. Walitoa mwongozo kwa watengenezaji wa makasha: hewa inayofika kwenye feni ya prosesa isizidi nyuzi 38 za Selsiasi. Ndiyo maana makasha mengi ya miaka ile yana matundu ubavuni na faneli ya plastiki inayoelekea kwenye prosesa. (Mafundi wengi hung'oa faneli hiyo na kuitupa wakidhani ni pambo.) Vilevile mwaka 2003 Intel walitangaza mpangilio mpya wa madabodi ulioitwa BTX, uliohamishia prosesa mbele kabisa ya kasha ili ipate hewa safi kabla ya kitu kingine chochote. Kompyuta za ofisi za kampuni kubwa ziliupokea, na wale waliowahi kufungua mashine za ex-UK za wakati huo mtakumbuka lile dude kubwa la plastiki kama mkonga wa tembo. Wengine hawakuupenda. Julai 2006 ikatoka Core 2 Duo, wati 65 tu, na tatizo ambalo BTX ilikuja kulitatua likawa limetoweka. Mwaka huohuo Intel waliachana na BTX.

Niliposoma habari za BTX nilicheka peke yangu, maana mji wangu ulikwisha kufikiri hivyo zamani. Nyumba za mawe za Amu zina kuta nene za matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio unaoamua upana wa chumba. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba jua haliwahi kuvishika, na vile vinavyoteremka baharini huleta upepo hadi ndani ya mji. Katikati ya nyumba kuna kiwanda, ua wazi unaotoa hewa ya moto juu na kuingiza mwanga. Usam Ghaidan aliyachora na kuyaeleza mambo haya katika kitabu chake juu ya Lamu cha 1975, na UNESCO waliuingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Waliojenga hawakuwa na feni. Walijua tu kuwa kabla ya kuongeza chombo cha kupooza, kwanza panga njia ya hewa.

Na walijua kitu kingine ambacho mimi nilikuwa nimekisahau. Ukuta, kichochoro na feni vyote vina mpaka mmoja: haviwezi kukupa ubaridi kuliko hewa uliyo nayo. Mtungi wa udongo unaweza, kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo, yanageuka mvuke nje, na mvuke unaondoka na joto. Mabomba ya shaba ya kipoozaji cha mnara hutumia hila hiyohiyo. Richard Gaugler wa General Motors aliiombea hataza mwaka 1942, na George Grover wa maabara ya Los Alamos akaivumbua upya mwaka 1963. Ndani ya bomba kuna maji kidogo sana. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, maji yanarudi kupitia utambi. Tofauti na mtungi ni kuwa bomba limezibwa. Mvuke hautoki nje ya bomba, kwa hiyo joto nalo lazima hatimaye liachiwe kwa hewa ya chumba. Kwa hiyo hata ukinunua cha shilingi 20,000, chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa haitakuwa na nyuzi 31.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo pesa za ami zilipopotea. Kipoozaji hupimwa kwa nyuzi ngapi kinaruhusu kupanda kwa kila wati moja. Tuseme kile cha kiwandani, kikiwa safi, ni 0.35. Tuseme mnara wa bei nafuu ni 0.2. Prosesa ya ami imeandikiwa wati 84. Chumba ni nyuzi 32, ndani ya kasha ongeza 6, tunapata 38 (angalieni, ni namba ileile ya mwongozo wa Intel).

Cha kiwandani: 84 mara 0.35 ni karibu 29, jumlisha 38, unapata 67.
Cha mnara: 84 mara 0.2 ni karibu 17, jumlisha 38, unapata 55.

Tofauti ni nyuzi 12. Zinasikika nyingi. Lakini prosesa hii huanza kupunguza kasi ikikaribia nyuzi 100. Ikiwa na 55 au 67, kasi yake ni ileile na fomu ya ufadhili inajazwa kwa muda uleule. Zile nyuzi 12 za shilingi 3,200 zilikuwa jibu la swali ambalo mashine haikuuliza.

Basi kwa nini ilikuwa inazima? Kesho yake nilifungua kipoozaji cha kiwandani. Mapezi yalikuwa yamezibwa na zulia la vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi, gumu kama ukoko wa wali. Pesti ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Na kasha lilikuwa limesukumwa hadi ukutani, nyuma hakuna pa kutokea hewa. Yaani tulikuwa na nyumba ya Amu iliyozibwa madirisha, na mimi nikashauri tununue feni kubwa.

Nilisafisha kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya ya shilingi 300 (kiasi cha punje ya mchele, msipake kama siagi kwenye mkate), nikasogeza kasha kutoka ukutani upana wa mkono. Kabla ya hapo programu ya kupima joto ilikuwa inagonga 100 kisha mashine inazima. Baada ya hapo, kazi nzito kwa saa nzima, saa nane mchana, Machi, ilisimama kwenye 68. Hesabu ilikuwa imesema 67. Sijawahi kufurahia nyuzi moja kiasi hicho.

Tumalizie historia, maana haikuishia 2006. Baada ya Core 2, Intel hawakuwa na sababu ya kutoa kipoozaji kizito, na feni ya boksi ikapungua unene mwaka baada ya mwaka. Wakati mmoja ilikuwa na moyo wa shaba katikati, baadaye matoleo mengi yakabaki alumini tupu. Kuanzia 2015 prosesa zao za herufi K zikaanza kuuzwa bila kipoozaji kabisa. AMD nao walikwenda njia nyingine: mwaka 2016 walitoa kipoozaji cha Wraith, na Ryzen zilipoanza 2017 wakafanya feni ya boksi kuwa hoja ya kuuzia. Mwaka 2022 Intel wakajibu kwa Laminar. Kwa hiyo ubora wa feni ya boksi umepanda na kushuka kama maji ya bahari, kutegemea joto la prosesa za wakati huo na ushindani uliokuwepo. Mtu akikuambia "feni ya boksi ni mbaya" au "inatosha", mwulize: ya mwaka gani?

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo wanaopima vipoozaji kwenye vyumba vya nyuzi 21 hawana haja ya kuliwaza. Ni chumvi. Kila mwenye boti ya injini hapa anajua kuwa metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, moja hula nyingine. Ndiyo maana injini ya boti hufungwa kipande cha zinki kiliwe badala yake. Mnara wa bei nafuu ni mabomba ya shaba yaliyopenya kwenye mapezi membamba ya alumini, yaani metali mbili. Kipande kinene cha alumini tupu hakina ugomvi huo. Ukiamua kununua mnara na unakaa karibu na bahari, tafuta uliopakwa nikeli, na usiuache kwenye chumba kinachopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja.

Kwa hiyo, ushauri wangu baada ya kuaibika. Kama prosesa yako ni ya wati 65 hadi 85 na kazi ni za saiba, ofisi au kuandika programu, baki na kilichokuja na mashine. Safisha kila baada ya miezi mitatu, badilisha pesti, fungua njia ya hewa. Kama unahariri video za harusi na mashine inakimbia saa mbili mfululizo, au una prosesa mpya zaidi kama i5-12400 inayoweza kupanda hadi wati 117, hapo mnara wa bei nafuu ni pesa iliyotumika vizuri. Lakini kabla ya kulipa chukua rula upime kasha, na uangalie plagi ya feni. Baadhi ya mashine za ofisini zina pini 5 badala ya 4 za kawaida.

Kile kimnara nilikinunua kwa ami kwa bei ileile aliyolipa, ndivyo ilivyostahili. Kipo mezani kwangu ninapoandika haya, kimebeba kalamu kati ya mabomba yake. Na yule binti alipata ufadhili. Alikuja saibani wiki iliyopita kuchapisha barua yake, akaketi kwenye mashine ileile. Ami alisimama nyuma yake muda wote, mkono juu ya kasha, anasikiliza kama inapumua.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Nendeni mkafungue makasha yenu. Mtanishukuru baadaye.